Sukari Guru Iitwe kwa Jina Lake

SIKU moja nilikuwa nimeketi katika ukumbi wa ofisi moja ambayo sina haja ya kuitaja, nikingoja zamu yangu, ndipo akaingia mama mmoja na ndoo mbili zilizofunikwa kwa majani ya mgomba. Karani kijana akamwamkia, "Shikamoo mama." Mama akaitikia, "Marahaba mwanangu." Karani akamwuliza amebeba nini. Mama akajibu kwamba amebeba sukari guru, anataka kulipa ushuru apeleke mnadani.

Karani akafungua daftari, akapitisha kidole tangu juu hadi chini, asione neno hilo. Akamwuliza mwenzake. Huyo akasema kwa Kiingereza inaitwa jaggery, basi iandikwe hivyo. Wa tatu akashauri iandikwe "sukari ya kienyeji". Mwishowe ikaandikwa "sukari ghafi", kwa sababu neno hilo lilikuwamo tayari katika orodha. Na kwa kuwa sasa ilikuwa imekwisha kuwa sukari ghafi, mama akatakiwa aonyeshe leseni ya mfanyabiashara wa sukari. Hakuwa nayo. Alikuwa na nusu eka ya miwa, karai moja, na wanawe wawili wa kukamua. Alitwika ndoo zake akaondoka, na sikupata kujua alikwenda kuziuza wapi.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: je, mama yule alikosa nini? Hakukosa bidii, wala hakukosa nia ya kulipa ushuru. Alikosa neno moja katika daftari. Wapo watakaosema kwamba jina ni jina tu, na kwamba tamu ni tamu hata ukiiita chungu. Mimi nasema la hasha. Katika mambo ya ofisi, kitu kisichokuwa na jina hakina haki. Na kitu chenye majina matano kina mabwana watano.

NINI MAANA YA GURU

Yafaa kwanza tukubaliane juu ya kitu chenyewe. Sukari guru hutengenezwa kwa maji ya miwa. Miwa hukamuliwa, maji yake huchujwa, kisha huchemshwa katika makarai yaliyo wazi juu ya moto ambao aghalabu huwashwa kwa makapi ya miwa hiyo hiyo baada ya kuanikwa juani. Mtengenezaji huenguа povu lenye takataka, na mara nyingi hutia chokaa kidogo ili maji yatakate na yapungue ukali. Yakiisha kuwa mazito huyakoroga na kuyamimina katika vibao au vikombe, yakaganda kuwa bonge la rangi ya kahawia.

Kiwandani mambo ni mengine. Huko uji wa miwa ukiisha kufanya chembe huingizwa katika mashine inayozunguka kwa kasi kubwa, nayo huzitenga chembe na ule urojo mweusi uitwao molasi. Chembe zikitoka hapo na kubaki na rangi kidogo, ndizo ziitwazo sukari ghafi. Zikisafishwa zaidi, huwa sukari nyeupe. Hapo ndipo penye tofauti yote. Guru haikupita katika mashine ile. Molasi yake imo ndani yake. Kwa hiyo si sukari ya kiwandani ambayo haijaisha kutengenezwa, wala si sukari nyeupe iliyochafuka. Ni kitu kamili kilichofika mwisho wake kwa njia yake.

Ikiwa jambo ni hili, basi kuiita guru "sukari ghafi" ni kosa la elimu kabla ya kuwa kosa la ofisi. Katika biashara ya mataifa, sukari ghafi ni ile ambayo kipimo chake cha usafi ni chini ya digrii 99.5, nayo aghalabu hununuliwa na viwanda ili visafishe. Hakuna kiwanda kinachonunua mabonge ya mama yule ili kikayasafishe. Huliwa jinsi yalivyo: katika uji, katika chai, katika kashata.

Hata "sukari ya kahawia" si jina lake. Sukari ya kahawia yaweza kuwa sukari nyeupe iliyorudishiwa molasi kidogo ili ipate rangi. Rangi si asili. Mtu hawi mvuvi kwa kuvaa shuka la mvuvi.

NENO LENYEWE NA SAFARI YAKE

Neno guru lilivuka bahari. Katika lugha za Bara Hindi kitu hiki huitwa gur, na neno hilo linatokana na neno la Kisanskriti guda. Lilifika pwani yetu pamoja na biashara ya majahazi, likapokewa na Kiswahili, likapewa irabu mwishoni kama ada ya lugha yetu, likakaa. Tusilichanganye na neno jingine la Kisanskriti, guru, lenye maana ya mwalimu. Nimepata kumsikia kijana wa mjini akieleza kwamba sukari guru ni "sukari bingwa" kwa kuwa guru ni bingwa. Waalimu watafurahi kusikia hivyo, lakini si kweli.

Ndugu zetu wa Kenya wengi husema sukari nguru. Mtu wa pwani akisikia hivyo hucheka kidogo, kwa maana kwake nguru ni samaki, tena samaki wa heshima. Mimi sioni sababu ya kugombana na jirani kwa herufi moja. Wakulima wa magharibi ya Kenya wanaoitengeneza kwa wingi wana haki ya kulitamka neno kwa ulimi wao. Lakini kamusi na sheria zina kazi ya kuonyesha kwamba guru na nguru hiyo ni kitu kimoja, ili mzigo ukivuka mpaka usibadilike jina ukageuka magendo.

Na lile neno jaggery ambalo karani alilikimbilia kwa kuwa ni la Kiingereza? Waingereza walilipata kwa Wareno, na Wareno waliliokota katika pwani ya kusini ya Bara Hindi. Asili yake ni neno la Kisanskriti sharkara, ambalo ndilo mzazi wa neno letu sukari. Basi anayeiacha guru na kushika jaggery, akidhani anakwenda kwenye elimu ya juu, anazunguka tu nyumba ile ile na kuingia kwa mlango wa nyuma.

Liko pia lile jina "ya kienyeji". Zamani neno hilo lilibeba dharau: cha kienyeji kilikuwa cha mtu asiyejua. Siku hizi ajabu ni kwamba kuku wa kienyeji ana bei kuliko kuku wa kisasa, na wale wale waliokuwa wakiona haya kumtaja humtafuta kwa taa. Hata hivyo kienyeji ni sifa, si jina. Hatusemi "samaki wa kienyeji" tukamaanisha changu.

Wala tusiipambe guru kwa historia ya uongo. Katika karne ya 19 palikuwa na mashamba makubwa ya miwa kando ya mto Pangani, na sukari ya huko ilipelekwa Unguja na ng'ambo. Waliokata miwa ile na kukaa mbele ya moto ule walikuwa watumwa. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya kuwapinga Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa Pangani mwaka 1889, alikuwa mmoja wa wenye mashamba ya miwa. Utamu huo ulikuwa na uchungu wake. Leo karai ni la mama mwenye nusu eka, na hilo ndilo linalonifanya niseme kwamba safari hii faida ya jina imfikie aliyeshika mwiko.

WENZETU WALIVYOGOMBEA JINA

Sisi si wa kwanza kupata taabu hii. Kitu hiki kina majina mengi duniani. Kolombia na Ekuado huiita panela, Meksiko, piloncillo, Peru, chancaca, Venezuela, papelón, Brazili, rapadura, Ufilipino, muscovado, Japani, kokuto. Kila jina lina kijiji chake na karai lake.

Katika muongo wa 2010 Tume ya Codex Alimentarius, ambayo ni chombo cha FAO na WHO cha kuweka kanuni za vyakula, ilijadili kiwango cha bidhaa hii kwa hoja iliyoletwa na Kolombia. Miaka ilipita katika mashauriano, na jina lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowashinda wajumbe kukubaliana upesi. Kolombia ilipenda panela. Wengine walisema kwao panela si neno. Maelezo yaliyotumika yakawa kitu kama hiki: maji ya miwa yaliyokaushwa bila kupitishwa katika mashine ya kuzungusha. Maelezo hayo ni sahihi kabisa, lakini mtume mtoto dukani akaombe robo kilo ya maneno hayo uone kama atarudi kabla ya magharibi.

Watu wa forodha walipata njia yao. Tangu mwaka 2012, orodha ya mataifa ya kuainisha bidhaa ina kifungu cha pekee kwa sukari ya miwa ya namna hii: kipimo chake ni digrii 69 au zaidi lakini chini ya 93, na chembe zake ni ndogo mno hata hazionekani kwa macho, zimezungukwa na mabaki ya molasi. Kabla ya hapo ilitupwa katika kapu moja na sukari ghafi, kama alivyofanya karani wangu. Basi dunia imekwisha kukubali kwamba hivi ni vitu viwili. Ikiwa forodha ya dunia imeona tofauti, daftari la mnadani litashindwaje?

Brazili ilipata funzo kali zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni moja ya Ujerumani ilisajili neno rapadura kuwa alama yake ya biashara, na baadaye ikafanya hivyo Marekani. Neno ambalo watu wa kaskazini-mashariki ya Brazili wamelitumia vizazi kwa vizazi likawa, katika nchi za watu, mali ya kampuni. Wabrazili walipogundua walipiga kelele, wanasheria wao wakaandika barua, na mabishano yakafika katika balozi. Fikiri hali ya mkulima anayetaka kupeleka rapadura yake Ulaya akaambiwa asiiite rapadura.

Nani atasema kwetu haiwezekani? Kati ya mwaka 2006 na 2008 palikuwa na ubishi juu ya kikoi, baada ya kampuni moja ya Uingereza kuomba isajiliwe neno hilo kwa tahajia ya Kiingereza. Kenya na marafiki zake walipinga, na ombi likaachwa. Kikoi kiliponea chupuchupu, tena kwa sababu wapo watu waliokuwa macho.

Kinyume cha uzembe ni kutunga kanuni mapema. Kolombia, ambako mamia ya maelfu ya watu huishi kwa panela, ilitunga sheria ya kuilinda mwaka 1990, na kanuni za afya za mwaka 2006 zikakataza kuitengeneza kwa kuyeyusha sukari ya kiwandani. Japani nayo mwaka 2010 iliweka wazi kwamba neno kokuto ni la kile kilichotengenezwa kwa kuchemsha maji ya miwa na kuyapoza. Kilichochanganywa na sukari nyingine sharti kiandikwe kuwa ni cha kuchanganywa. Visiwa vidogo vya Okinawa, ambavyo mkulima wake hana zao jingine kubwa, vilipata ngao kwa neno moja tu lililofafanuliwa. Bara Hindi nako guru ya Kolhapur ilisajiliwa mwaka 2014 kwa jina la mahali inapotoka, na ya Marayoor katika Kerala mwaka 2019.

Na asiyelinda? Tazama Demerara. Ni jina la mto na wilaya katika Guyana. Leo pakiti nyingi zenye jina hilo zina sukari ya Mauritius na ya kwingineko. Jina lilibaki likitembea duniani, mwenye mahali akabaki akilitazama.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Wenye viwanda wana malalamiko yao, na si haki kuyapuuza. Kiwanda humkopesha mkulima mbegu na mbolea kwa mkataba, kisha msimu ukifika mwenye karai hupita usiku na fedha taslimu, akanunua miwa ile ile, tena mingine ikiwa haijakomaa. Kiwanda hubaki na mashine yenye njaa na deni lisilolipika. Ubishi wa namna hii umetikisa magharibi ya Kenya mara nyingi. Wengine husema kwamba guru nyingi haiendi katika uji bali huishia katika mapipa ya gongo.

Malalamiko hayo ni ya kweli, lakini dawa yake si kuificha guru gizani. Kinyume chake. Mwenye karai aliyeandikishwa kwa jina la kazi yake anajulikana anapokaa, ananunua miwa kwa nani, na anamwuzia nani. Asiyekuwa na jina hupita usiku kwa sababu mchana hakuna daftari la kumpokea. Mpika gongo ndiye anayefurahia bidhaa isiyojulikana. Mwenye kuuza kashata hana sababu ya kujificha.

Iko hoja ya pili, nayo ni ya wanunuzi. Wanasema wengi wa wenye karai si waaminifu: huyeyusha sukari ya dukani pale bei inapowafaa, wakaongeza rangi, wakaiita guru. Hilo nalo ni kweli, na ndilo hasa linalonisukuma kuandika. Maadam neno halina mipaka, mdanganyifu havunji sheria yoyote ya neno. Anayemuumiza si mnunuzi peke yake, bali ni yule mama ambaye alikesha akiengua povu.

Na hapa niseme jambo moja kwa wauzaji wa mijini, ambao siku hizi huiweka guru katika vifuko vya kupendeza na kuandika kwamba yawafaa wenye ugonjwa wa kisukari. Huo ni uongo wa hatari. Guru ina madini kidogo ambayo sukari nyeupe haina, lakini sehemu yake kubwa ni sukari ile ile, na huupandisha utamu wa damu kama sukari yoyote. Anayelitetea jina la guru hana budi kulitetea pia lisitumiwe kuwaua watu.

TUFANYE NINI

Napendekeza mambo machache ambayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, ndugu zetu watumishi wa serikali waandike "sukari guru" katika kila fomu, daftari na stakabadhi ya Kiswahili. Wasiandike jaggery, wala ghafi, wala ya kienyeji. Kazi ya kubadilisha mstari mmoja wa orodha haimalizi asubuhi moja.

Pili, kila kanuni itakayoandikwa au kurekebishwa iseme waziwazi kwamba sukari guru ni ile iliyochemshwa kutoka katika maji ya miwa bila kutengwa na molasi yake, na bila kuongezwa sukari ya kiwandani. Iliyoongezwa isikatazwe, bali iitwe "guru ya kuchanganywa", mnunuzi achague akijua. Ukweli wa jina ni haki ya mnunuzi kama mizani isiyopunja.

Tatu, neno guru liwe la wote. Mtu asajili jina lake, jina la ushirika wake, au picha ya ng'ombe wake. Lakini neno lenyewe asiruhusiwe kulifungia kabatini, hapa wala ng'ambo. Watu wa kijiji kimoja wakitaka kusajili guru ya mahali pao, wasaidiwe, kama walivyosaidiwa wale wa Kolhapur.

Nne, nawageukia waalimu. Katika karai moja la guru mna masomo ya muhula mzima: kemia ya chokaa, fizikia ya mvuke, jiografia ya pepo za kusi na kaskazi zilizolileta neno, historia ya Pangani, na hesabu ya faida na hasara. Mwanafunzi atakayekwenda kuliona karai likichemka hatasahau tena tofauti ya guru na sukari ghafi. Naye kesho ndiye atakayekuwa karani.

Mapema mwaka 2024, sukari ya viwandani ilipoadimika na bei ikapanda, wengi wetu tulikumbuka ghafla kwamba kuna kitu kinaitwa guru. Tuliitafuta, tukaisifu, na sukari iliporudi madukani tukaisahau. Huo si uungwana. Kitu kinachotuokoa siku ya shida kinastahili kutambuliwa siku ya neema.

Sijui mama yule aliuza wapi ndoo zake mbili. Lakini akirudi tena katika ofisi ile, natumaini karani atapitisha kidole katika orodha, kitasimama mahali, naye atasema, "Ndiyo, mama, ipo. Ushuru wako ni huu." Hapo ndipo neno moja litakapokuwa limefanya kazi yake.